Mvura kwa Baba, Amanzi kwa Bibi: Siku Nane Zimbabwe

Siku ya kwanza: kuvuka Zambezi

Basi lilitoka Lusaka alfajiri, likashuka milima hadi bonde la Zambezi, na ilipotimia saa tano asubuhi tulikuwa Chirundu, tumesimama juani na pasi zetu mkononi. Joto la Novemba katika bonde lile linapanda kutoka ardhini. Unalisikia kwenye nyayo kabla hujalisikia kichwani. Ukielekea kusini unavuka daraja kwanza, kisha mihuri yote miwili, wa kutoka Zambia na wa kuingia Zimbabwe, unagongewa mahali pamoja. Kituo hicho kinaendeshwa kwa pamoja tangu mwaka 2009.

Msichana alipita na ndoo kichwani akinadi: "Mvura! Mvura inotonhora!"

Nikatazama juu. Hakukuwa na wingu hata la kufunika kiganja. Mama niliyekaa naye tangu Dar es Salaam, mfanyabiashara wa Harare aliyekuwa anarudi na mizigo yake ya Kariakoo, akaniona. Akaita msichana, akanunua chupa mbili, akanipa moja. "Mvura," akasema, akiigonga chupa kwa kucha. Maji. Maji baridi. Ya kisimani, ya mtoni, ya chupani na ya mbinguni, yote kwa Kishona ni mvura. Na mvua ikinyesha watasema mvura iri kunaya.

Hilo likawa neno la kwanza kwenye daftari langu.

Niseme kilichonipeleka. Mdogo wangu wa kiume anafanya kazi Harare na ameoa huko. Mambo ya mahari, ambayo Washona huyaita roora, yalikwisha kupitia mshenga wao. Lakini ukoo wetu haukuwa umeonana na ukoo wa mke ana kwa ana, baba yetu hawezi tena safari ndefu, na mimi ndiye dada mkubwa. Baba wa wifi yangu ni Mshona wa upande wa Masvingo. Mama yake ni Mndebele, na bibi mzaa mama anaishi Bulawayo. Mdogo wangu alinipigia simu wiki mbili kabla: "Dada, Kiingereza kitakufikisha hotelini tu. Kwenye nyumba za watu ujue kusalimia, tena kwa lugha zote mbili." Katiba ya Zimbabwe ya mwaka 2013 inatambua lugha rasmi 16. Mimi nilihitaji kipande cha mbili.

Mama wa Kariakoo akawa mwalimu wangu kuanzia Makuti, kupitia Karoi, hadi Chinhoyi. Jambo lililonisumbua mapema ni kwamba maneno mengi nilikuwa nayajua, ila yamehama kazi. Kutenda kwa Kishona ni kushukuru. Ndatenda, nimeshukuru; tatenda, tumeshukuru. Kufanya, ambako sisi ndiko tunakoita kutenda, wao ni kuita. Basi ukimshukuru mtu kwa heshima unamwambia "Maita basa", yaani mmefanya kazi. Nilirudia sentensi hiyo kilomita nyingi, maana kichwa changu kilikuwa kikisikia mtu anaitwa.

Kuna na sauti ambayo Kiswahili hakina. Pale ambapo sisi tuna vitu, wao wana zvinhu, na hiyo zv inatoka na mluzi, midomo imekusanywa kidogo huku ulimi unazomea. Tunaposema fika, wao husema svika, kwa mluzi huohuo. Ukishaisikia mara kumi unaanza kutambua vi- yetu na f yetu ndani yake, kama sura ya ndugu aliyefuga ndevu.

Harare tuliingia usiku. Mdogo wangu alikuwa amesimama stendi na wifi, na wifi akapiga goti kidogo, akapiga makofi polepole viganja vimekunjwa. "Tete," akaniita. Shangazi wa kuumeni huitwa tete, na mke humwita hivyohivyo dada wa mumewe. Huko kwetu Bukoba nasi tunapiga magoti kusalimia, kwa hiyo magoti hayakunishangaza. Makofi ndiyo niliyoyatazama.

Siku ya pili: Mbare

Huendi kijijini mikono mitupu. Wifi alinipeleka Mbare Musika tukanunue sukari, mafuta, majani ya chai, mkate na mchele. Kombi, daladala zao, zinajaa vilevile, na konda wao, wanayemwita hwindi, ananing'inia mlangoni vilevile. Sokoni kila upande kuna mtu anaita "Dhora! Dhora!", kwa sababu dola ya Marekani ndiyo inayotembea mikononi, na anayekuuzia hana chenji.

Swali la bei ni fupi: "Imarii?" Lakini kuomba ndiko kulikonifundisha zaidi. Nilimwambia muuza nyanya "Ndipei", nipeni, nikiwa nimejivunia ile i ya mwisho ya heshima. Wifi akaninong'oneza: "Ndipeiwo, tete. Ongeza wo."

Hiyo -wo maana yake ni "pia", "na mimi". Ukiulizwa "Makadii?", hamjambo, unajibu "Tiripo, makadiiwo?", tupo, na ninyi je? Sasa itie kwenye ombi: ndipeiwo, nipeni na mimi. Ndinokumbirawo mvura, naomba na mimi maji. Anayeomba hajitengi na wengine. Anaomba kuhesabiwa miongoni mwa wanaopewa. Nilisimama mbele ya rundo la nyanya nikiwaza hivyo. Sisi tunaomba "naomba" na "tafadhali", na ni maneno mazuri, lakini silabi hii moja ilinigusa kuliko tafadhali zote nilizowahi kuambiwa na wahudumu wa hoteli.

Vijana wa Mbare husalimiana kwa njia ya mkato: "Uri bho here?" "Ndiri bho." Nilipoyaandika, wifi aliweka kidole juu ya daftari. "Haya ya mjini. Mbele ya baba usiyaseme."

Jioni tulifanya mazoezi ya makofi. Mwanamume hupiga viganja vimenyooka, vidole kwa vidole. Mwanamke huvikunja na kuvikutanisha kwa mshazari, vikatoa mlio mzito wa ndani, kama kibuyu kinachogongwa. Wangu ulitoka mwembamba mwembamba mpaka saa nne ya usiku.

Siku ya tatu: kwenda kumusha

Harare hadi Masvingo ni kilomita zinazokaribia 300, kupitia Chivhu na Mvuma. Njiani tulinunua mazhanje, matunda ya kahawia yenye nyama laini tamu, yale Wazambia wanayoyaita masuku. Kijiji cha asili, nyumbani kwa ukoo, ni musha. Mtu anayeishi Harare miaka 40 bado akiulizwa kwao atakutajia musha wake.

Tulisimama nje ya uwanja uliofagiliwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Mdogo wangu akaita: "Tisvikewo!" Nikalielewa bila msaada wa mtu: tufike na sisi. Ndani ikajibu sauti ya mwanamke: "Svikai!" Fikeni. Hodi na karibu yetu nzima ilikuwa mle, kwa mluzi.

Mjini wanaita "Gogogoi!" mlangoni na mwenyeji husema "Pindai!" Pinda kwao ni ingia.

Hakuna aliyesalimiana mlangoni. Wanawake tulipelekwa jikoni, nyumba ya duara, tukakaa kwenye mkeka upande wetu. Wanaume kwenye benchi la udongo lililojengwa ukutani. Kwanza ukimya. Kisha mdogo wangu akaanza kupiga makofi, sote tukafuata, na salamu zikaanza kuzunguka mtu mmoja mmoja, kutoka mkubwa hadi mdogo.

"Makadii?"

"Tiripo, makadiiwo?"

"Tiripo."

Nilikuwa natafuta shikamoo yangu na sikuwa na pa kuiweka. Hakuna neno moja la heshima ambalo mdogo humpa mkubwa na mkubwa akalipokea kwa marahaba. Heshima yote imekaa ndani ya kitenzi: mzee mmoja anasemeshwa kama watu wengi. Wakadii ni kwa mtoto au rafiki. Makadii ni kwa anayestahili. Hata akisemwa hayupo, baba ni "wao". Nilizaliwa kwenye shikamoo na nitafia humo, lakini niliona jinsi mtu anavyolazimika kuendelea kuheshimu mpaka mwisho wa sentensi, maana kila kitenzi kinampima upya.

Na tupo yetu ile, tunayoijibu kwa uchovu mtu akituuliza habari, hapa ndiyo jibu kamili: tiripo. Po ni ileile.

Upande wetu ndio tuliochukua binti yao, kwa hiyo sisi ndio tunaonyenyekea. Mama wa wifi tunapaswa kumwita Ambuya, ingawa kwangu si bibi, ni mkwe wa ndugu yangu. Yeye ndiye aliyeniletea kikombe. Nilipiga makofi, nikasema "Maita basa, Ambuya", na mlio ukatoka mzito. Wifi alitazama chini akitabasamu.

Chakula kilikuwa sadza, ugali wao mweupe, na kuku wa kienyeji, na muriwo une dovi, mboga za majani zilizopikwa kwa karanga za kusaga. Kuku kwao ni huku, nyama ni nyama, kula ni kudya. Ukishiba unasema "Ndaguta", na usiposema wataendelea kukuongezea.

Siku ya nne: mutupo

Nimeamka saa kumi na moja kwa jogoo. Nje Baba alikuwa tayari amekaa chini ya mwembe. Nilichuchumaa, nikapiga makofi.

"Mangwanani, Baba. Marara here?"

Mmelala? Kwao hakuna l, kwa hiyo lala ni rara. Nilitegemea aseme ndiyo, amelala. Alisema: "Ndarara, kana mararawo."

Nimelala, ikiwa na ninyi mmelala.

Nami nikasema ndarara, na hapo ndipo usiku wake ulipokamilika. Mchana ni hivyohivyo: "Maswera here?", mmeshinda? "Ndaswera, kana maswerawo." Mimi nimeshinda salama kama nanyi mmeshinda salama. Sisi watu wa Kiswahili tuna umeamkaje na umeshindaje, kwa hiyo maswali tunayo. Lakini jibu letu ni la mtu mmoja, salama, nzuri, basi. Mzee huyu alikuwa amekataa kusema amelala vizuri mpaka ajue nami nimelala. Nimeiandika siku tatu mfululizo kwenye daftari hili, kila siku kwa wino mwingine, kwa sababu sitaki kuisahau nikirudi.

Baada ya chai akaniuliza: "Munoyera chii?"

Kuyera ni kushika mwiko. Alikuwa ananiuliza ukoo wetu unamheshimu mnyama gani, mutupo wetu ni upi. Wifi alianza kunieleza taratibu lakini sikuhitaji maelezo. Sisi Wahaya tunao muziro, mnyama ambaye ukoo hauli wala hauui. Kiswahili kinaujua mzio, ila siku hizi tunautumia zaidi hospitalini, mtu ana mzio wa karanga, mzio wa dawa. Nikamwambia: kwetu ni tumbili, nkende.

Baba aliketi wima. "Soko!" akasema. Akapiga makofi, viganja vimenyooka. "Soko, Mukanya!" Kisha akageuka kwa mdogo wangu, mkwewe wa mwaka mzima, akamuuliza kwa nini hakuwahi kusema. Mdogo wangu alisema hakuwahi kuulizwa kwa namna ambayo angeielewa. Alidhani wanauliza jina la ukoo tu.

Kuanzia saa ile sikuwa mgeni kutoka Tanzania. Nilipompa bibi mdogo wa jirani sukari alisema "Maita Soko". Hivyo ndivyo wanavyoshukuru kweli: ndatenda ni ya dukani, lakini mtu anayekujua anakushukuru kwa mutupo wako, ili shukrani ipite kwako iende kwa waliokuzaa.

Mutupo wa Baba mwenyewe ni Tembo. Nikafurahi, nikaonyesha mkonga kwa mkono. Hapana, wakacheka wote, na Ambuya akachora mistari mgongoni kwa kidole. Tembo wao ni pundamilia. Mnyama wetu mwenye mkonga ni nzou. Basi nilipopewa kipande cha kuku jioni nilisema "Maita Tembo", na macho yangu yakiona mistari.

Watoto walinifundisha kuhesabu kwa mawe: motsi, piri, tatu, china, shanu, tanhatu. Hapo sita nikasimama. Tenzi za zamani za pwani yetu zinasema tandatu. Sisi tuliiacha tukachukua sita ya Kiarabu, na hawa watoto wanaitupa chini na kokoto kila jioni.

Siku ya tano: nyumba za mawe

Great Zimbabwe iko mwendo wa chini ya saa moja kutoka mji wa Masvingo. Baba alikataa kubaki nyumbani, alivaa koti.

Jina la nchi nzima linatoka hapa. Dzimba dzemabwe: nyumba za mawe. Liseme polepole na masikio ya Kiswahili yatafanya kazi yenyewe, nyumba, za, mawe. Wapo wanaolieleza kwa dzimbahwe, makao ya watawala. Ukuta wa boma kubwa una mzunguko wa karibu mita 250 na mahali fulani unafika mita 11 kwenda juu, mawe ya matale yaliyopangwa bila chokaa wala saruji. Wakazi huliita Imba Huru, nyumba kubwa. Walijenga kuanzia karne ya 11 hadi ya 15, na wakoloni walihangaika miaka mingi kuthibitisha kwamba aliyejenga ni mtu yeyote ila baba zake Baba.

Nilichokuwa nakitafuta mimi ni kidogo kuliko ukuta. Hapa ilichimbuliwa sarafu ya Kilwa, ya sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14. Dhahabu ya nyanda hizi ilishuka hadi Sofala, ikapanda majahazi kwenda Kilwa. Kutoka kule zikaja shanga na vyombo vya Kichina. Nikamweleza Baba kwa Kiswahili kifupi, wifi akafasiri. Alitikisa kichwa kana kwamba nimemletea habari za jirani. Nilitamani kujua wafanyabiashara wale walivyosalimiana. Lazima kuna aliyesema mvura na mwenzake akatazama juu.

Siku ya sita: barabara ya Bulawayo

Kuagana asubuhi. Anayeondoka husema "Sarai zvakanaka", anayebaki "Fambai zvakanaka". Baba akaongeza "Tichaonana". Hiyo haikuhitaji kufasiriwa.

Njia ni ndefu, Zvishavane, Mbalabala, nchi inakauka na miti inakuwa mifupi. Ambuya alisafiri nasi. Karibu na Esigodini sauti yake ilibadilika. Alikuwa amepiga simu kwa mama yake na l zimerudi mdomoni, na kati ya maneno kuna mibofyo. Wifi akaanza somo jipya. Hayo tuliyoyafanya siku tano, akasema, yaache garini.

Bibi anaishi Makokoba, mtaa wa zamani kuliko mingine ya Waafrika mjini Bulawayo. Mlangoni Ambuya aliita: "Ekuhle!" Ikajibu sauti nyembamba: "Ngenani!" Ingieni.

"Salibonani, Gogo."

"Yebo. Linjani?"

"Sikhona. Linjani lina?"

Sikhona: tupo. Hata huku watu wapo. Na hapa mzee mmoja anakuwa wengi kwa li-, kama kule kwa ma-. Nilikuwa nimekaukiwa koo kwa kilomita 280, nikasema sentensi niliyoikariri tangu Mbalabala: "Ngicela amanzi okunatha." Naomba maji ya kunywa.

Amanzi. Maji yetu yenyewe, yenye pua kidogo. Washona walibaki na mvua kwa kila kitu; Wandebele wana maji, na mvua wanaiita izulu, mbingu. Izulu liyana, mbingu inanyesha. Ningekuwa na uwezo ningempelekea yule msichana wa Chirundu barua.

Siku ya saba: Makokoba

"Livukile?" Gogo aliniuliza asubuhi. Kuvuka kwao ni kuamka, lakini mimi nilisikia kuvuka kwetu: mmevuka? Na kwa mzee wa umri wake nadhani hata hivyo ni sawa. Usiku ni mto. "Sivukile, Gogo. Livuke njani?"

Alinifundisha mibofyo akiwa anasafisha amacimbi, viwavi vya mopane vilivyokaushwa, ambavyo Washona huviita madora. Kuna c, ulimi kwenye meno, ule mlio tunaoutoa tunaposikitika: ngicela, naomba. Kuna q, ya kizibo kinachong'oka: iqanda, yai. Kuna x, ya shavuni, ya kumhimiza punda: uxolo, samahani. Uxolo wangu ulikataa saa nzima. Gogo hakucheka hata mara moja. Alikuwa analisema tena, taratibu, kisha anasubiri.

Lugha hii ni ndugu wa karibu wa Kizulu. Iliingia huku na Mzilikazi wa ukoo wa Khumalo, aliyejitenga na Shaka, mfalme wa Wazulu, na kufika nyanda hizi karibu na mwaka 1840. Ufalme wake ukaanguka mwaka 1893, mwanawe Lobengula akiwa mtawala. Jina la ukoo wanaliita isibongo, na kushukuru ni ukubonga. Ukimshukuru mtu unamtajia isibongo chake. Nilikuwa nimeyasikia hayo kabla, chini ya mwembe.

Gogo ni Ndlovu. Huyu sasa ndiye ndovu wa kweli, mwenye mkonga. Majirani humwita MaNdlovu, maana mwanamke huku haachi jina la babaye. Ambuya alimweleza kuhusu mimi, nikasikia neno Soko. Gogo akafikiri kidogo tu. "Ncube," akasema. "UMaNcube."

Wifi ndiye aliyenifungulia. Koo zinafasiriwa. Soko wa Kishona, akija huku, ni Ncube. Shumba ni Sibanda, simba wote wawili. Nyati ni Nyathi. Na Baba, Tembo wa Masvingo, miaka yote aliyokuja kumsalimia mama mkwe wake, ameitwa Dube, pundamilia. Hajawahi kuwa mgeni hapa. Mnyama wake alimtangulia akamfungulia mlango.

Mchana, karibu saa tisa, wingu la kwanza lilitoka kusini na matone yakaanza kupiga bati. Nilitoka nje kama mtoto. "Mvura iri kunaya!" nikasema, kwa sababu hiyo ndiyo niliyoishika kwanza.

Gogo alikuwa mlangoni. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwa upole: "Izulu liyana, MaNcube." Akaingia ndani.

Jioni wifi alinieleza tukiwa tunaosha vyombo. Kati ya mwaka 1983 na 1987 kikosi cha tano cha jeshi, ambacho askari wake wengi walikuwa wanasema Kishona, kilitumwa Matabeleland na Midlands, na raia kwa maelfu waliuawa. Mapatano ya umoja yaliyomaliza hayo yalitiwa saini tarehe 22 Desemba 1987. Operesheni ile ilipewa jina la Kishona, Gukurahundi. Ni jina la mvua: mvua ya mapema inayofagia makapi kabla ya masika. Watu waliokuwa na majina, na koo, na wanyama wao, waliitwa makapi. Bibi, akasema wifi, hakuchukia lugha ya mkwe wake. Anaijua vizuri kuliko anavyokubali. Ila kuna siku mvua ikianza anataka isemwe kwa Kindebele ndani ya nyumba yake.

Nilikwenda kukaa naye kwenye mkeka. Nilikuwa na neno moja tu la kufaa, na safari hii shavu lilitii. "Uxolo, Gogo."

Alichukua mkono wangu, akauweka kwenye sinia la amacimbi, tukaendelea kuchambua.

Siku ya nane: stendi

Basi la Harare linaondoka saa mbili asubuhi. Barabara za Bulawayo ni pana sana. Husemwa zilipimwa hivyo ili gari la kukokotwa na msururu wa ng'ombe liweze kugeuka. Ilinyesha usiku kucha na lami ilikuwa inang'aa.

Gogo alikataa kuagia nyumbani. Alikuja mpaka stendi na mwavuli, na chupa ya maji mkononi. "Amanzi endlela," akasema. Maji ya njiani.

"Ngiyabonga, MaNdlovu," nikamwambia. Mara ya kwanza kumwita hivyo. Macho yake yalitulia kwangu.

"Hamba kuhle, MaNcube. Sizabonana."

"Salani kuhle," nikajibu. Kisha, kwa kuwa mlango wa basi ulikuwa unafungwa na sikuwa na lingine, nikamalizia kwa langu: "Tutaonana, Gogo."

Alilirudia pale pale chini ya mwavuli, silabi kwa silabi, bila kuuliza maana yake. "Tutaonana."